Mwakani Tunarudi

Kila Januari, watoto wa majirani wakishuka ngazi na sare mpya, mimi nilikuwa nasukuma cherehani pembeni, nafuta meza na kutandaza madaftari. Watoto wangu watatu nilikuwa nawasomesha mwenyewe, nyumbani, ghorofa ya sita, Joubert Park, huku kusini mwa Afrika. Januari ninayoisimulia, binti yangu mkubwa alikuwa na miaka kumi na sita, wa kati, wa kiume, kumi na mmoja, na kitinda mimba wetu sita.

Kazi ya kupanga mwaka nilikuwa naipenda, nisiseme uongo. Historia tunasoma wote pamoja: mdogo anachora, wa kati anaandika sentensi kumi, mkubwa insha. Hesabu kila mtu na yake. Saa nne mpaka saa sita mimi nashona nguo za wateja, mkubwa anamfundisha mdogo kusoma. Nilikuwa naandika ratiba kwa kalamu za rangi tatu, naibandika kwenye friji, kisha nasimama kuitazama. Nilijiona mwalimu mkuu kabisa.

Yalianza binti akiwa na miaka minane, anasoma shule ya hapa hapa mtaani. Siku moja bibi yake alipiga simu kutoka Tanga, mtoto akamjibu Kiingereza huku anacheka. Bibi akataka nipewe simu, akaniambia, "Mwanangu, huyu mjukuu mbona umenifanyia bubu?" Nililia siku nzima. Baba yao akasema, "Mtoe tu. Mwakani tunarudi. Ya nini kumjaza mambo ya huku, halafu akaanze upya kule?" Nikamtoa wiki ile ile, mwalimu wake nikamwambia tunaondoka. Vitabu nikaagiza Tanga, vikaja na watu wa basi, mtaala wa kwetu, darasa la pili.

Mwakani! Nimelichukia neno hili jamani. Kila Desemba baba yao alilisema, na aliliamini, hakuwa mwongo. Nyumba yetu ya Tanga ilikuwa msingi, ikawa kuta, ikabaki kuta. Makochi hatukununua kwa sababu tunarudi. Na mimi kila Januari naagiza vitabu vya darasa linalofuata, vya nchi ile ile. Binti yangu alijua mikoa yote ya Tanzania na mazao yake, nchi aliyoiona mara moja tu, tena akiwa mgongoni kwangu. Kizulu alijifunza kwenye lifti.

Januari hiyo nilikuwa nimeinama kwenye ratiba, nahangaika jinsi ya kumpangia kidato cha tatu pamoja na darasa la kwanza kwenye meza moja, binti akaingia na mama wa saluni wa ghorofa ya pili, Mkongomani. Walikuwa wametoka mjini, kwenye kituo kimoja kinachosomesha waliokatiza shule. Binti alikwenda kuuliza jinsi ya kufanya matriki. Hakuniomba ruhusa. Alitaka cheti hicho cha huku cha kumaliza sekondari, kisha asomee uuguzi, na jambo hilo alikuwa amemwambia mama wa saluni kabla yangu.

"Walitaka ripoti zangu," akasema. "Nikawapa zote."

Nikaweka kalamu chini. Ripoti zile niliziandika mimi kwa mkono, kila mwisho wa mwaka, nikazipiga mhuri ili zipendeze. Mhuri wenyewe ulikuwa wa duka la baba yao la spea, una picha ya tairi. Tulikuwa tunacheka watoto wakipigania nani aubonyeze.

"Yule dada wa pale kituoni akaniuliza tairi ni nembo ya shule gani." Akaanza kucheka, kicheko kikamgeukia kilio. Walimpa majaribio. Hesabu alifanya vizuri. Kiingereza cha kuandika kilikuwa cha mtoto. Wakamwambia aanze sekondari toka mwanzo, na matriki labda ataifanya akishapita miaka ishirini. Hata Tanga asingepokelewa, maana mtihani wa kidato cha pili hakuufanya popote. Huku hayumo, kule hayumo.

Mama wa saluni hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. "Mama, huyu mutoto iko na akili mingi. Juu ya nini mulimufunga ku nyumba?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Nikamkaribisha chai.

Baba yao aliporudi alasiri alikuta madaftari mezani. Hakuwa ameambiwa kitu. Akaweka funguo, akasema kwa upole wake wote, "Usinunue mengi mwaka huu. Mwakani, Mungu akipenda..."

"Mwakani, mwakani!" Nilipiga meza, kalamu zikaruka. "Miaka minane! Mtoto amezeekea kwenye mwakani yako!"

Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Kwani mimi nilikushika mkono? Mwalimu nani humu ndani?"

Hapo ndipo aliponimaliza, kwa sababu ni kweli. Hakunishika mkono. Nikiandika ratiba ile, kwa siku mbili tatu nilijiona niko kwetu Tanga, nasikia kengele ya shule yangu ya zamani, na hakuna mtu wa kuniita mgeni. Raha hiyo ilikuwa yangu, na aliyeigharamia ni mtoto. Saa zile mbili za kumfundisha mdogo wake, kila siku, nazo nilimnyang'anya mimi. Eish, acha tu.

Nilitaka kumpangia upya binti, Kiingereza asubuhi na jioni. Akaivuta ile karatasi taratibu. "Mimi niache, nitajipanga mwenyewe. Hawa wawili usiwapange kabisa. Jumatatu tuwapeleke shule."

Jumatatu tukaenda, mimi na watoto, sote wanne. Wengine walishaanza, sisi wachelewaji tulikaa kwenye benchi la ofisini. Mdogo akapata gredi ya kwanza. Wa kati wakamweka na watoto wa miaka tisa, akainamisha kichwa. Binti alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, amebeba mabegi ya wadogo zake, mrefu kuliko karani.

Karani akashusha miwani. "Wazazi wengi wageni wanaandikisha, halafu wanahama. Ninyi mnakaa, au mnaondoka?"

"Tunakaa," nikasema.

Nilishangaa neno lilivyotoka kirahisi. Karani akagonga mhuri wake, mhuri wa kweli, akatuambia tuwaache watoto. Kitinda mimba hata hakugeuka kunipungia mkono.

Tulirudi wawili. Robot ya kona, zile taa za magari, ilikuwa nyekundu, tukasimama. Binti alikuwa anayatazama magari. Nikamwambia nitamtafutia mwalimu wa Kiingereza, mzuri, popote alipo. Hakugeuza uso.

"Hiyo 'tunakaa' ungemwambia mwalimu wangu, Mama," akasema, "ile siku ulipokuja kunitoa."

Taa ikawa ya kijani. Akavuka bila kunisubiri.