Aliyeanzisha Wimbo Akiwa Ufukweni

Mimi sikusoma. Mjukuu wangu ndiye anayeshika kalamu, nami nimemkataza kunipambia maneno.

Mume wangu alikuwa mvuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, hapa Rubona. Wavuvi wetu hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, na makasia hufuata wimbo: mmoja huanzisha, wengine huitikia, na kila itikio ni pigo la kasia. Mwanzishaji alikuwa yeye. Saratani ilipofika kwenye mifupa, maumivu yalimtoa mtumbwini, akawa mtu wa kulala akiutazama ukuta.

Muuguzi wa kituo cha afya alikuja kwa pikipiki wakati mume wangu alikuwa bado anaweza kufika uani kwa miguu yake. Alibeba morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, katika chupa, lakini hakuanza na dawa. Alianza na swali.

"Baba, unataka nini?"

"Kupona."

"Hilo siwezi kukuahidi. Kingine?"

Akageuza uso kuelekea ziwani. "Nafasi yangu mtumbwini."

Muuguzi akatueleza kwamba hakuja kwa kuwa mauti yamekaribia. Amekuja mapema ili maumivu yasimwibie mgonjwa siku zake. Chupa nikaitunza mimi, na saa ya dawa haikupita nikiwa macho wala nikiwa nimelala.

Lakini kwetu dawa ile ilijulikana kama dawa ya wanaoagwa. Habari ikashuka kilima. Wavuvi wakaja wamevaa nguo za kanisani, wakasali, wakalia, wakaondoka, na nafasi yake wakampa mwingine. Hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wamekwisha kumuaga.

Maumivu yakapungua. Alasiri moja aliomba koti na fimbo, tukashuka polepole hadi ziwani.

"Eh, Muzee! Tulishakulilia!" wavuvi wakaita.

"Basi mulilia bure. Na mama huyu hajasahau chai yote mulikunywa."

Wakacheka, kisha wakainamisha macho. "Lakini Muzee, iko mutu mungine kwa nafasi yako. Na we uko mugonjwa. Pumuzika."

Nilitaka kuwakemea, akanizuia kwa mkono. Mitumbwi ikasukumwa majini. Mwanzishaji mpya alipofungua kinywa, mume wangu, akiwa amesimama juu ya mawe, akamtangulia. Sauti ilikuwa imekonda, lakini ilikuwa ni ile. Wanaume wale wakaitikia kabla ya kufikiri, na makasia yakapiga. Wakaenda kidogo, wakasita, wakageuza.

"Bon," akasema yule mpya, "mi nitapiga kasia. Kuja ukae, Muzee."

Tangu hapo alikwenda nao kila mwili ulipomruhusu. Walimfikisha kwenye rasi, na mtumbwi mdogo ukamrudisha kabla ya giza. Alirudi akinuka samaki, jambo nililomgombezea ujana wetu wote, na sasa nikawa namngoja mlangoni ili niinuse harufu hiyo. Muuguzi aliendelea kuja. Aliongeza dawa ilipohitajika, akaniuliza na mimi kama ninalala.

Alifia nyumbani, ametulia, mkono wake ndani ya wangu.

Mitumbwi bado hutoka kila alasiri. Yule kijana aliyempisha nafasi huanzisha vizuri, siwezi kusema vinginevyo. Ila huvuta pumzi mahali ambapo mume wangu hakuvuta, na katika kimya kile kifupi mimi husimama uani, nikingoja sauti iliyokuwa ikikijaza.