Barakoa Arobaini za Kitambaa cha Kijapani

Mwaka wa corona, wakazi wa Johannesburg tuligawanyika makundi mawili: waliovaa barakoa kidevuni na waliovaa barakoa kwenye kiwiko. Pua zilizofunikwa ulizikuta mlangoni pa maduka makubwa tu, pale mlinzi alipokupulizia dawa mikononi. Hatua tatu ndani, pua zilitoka tena kupunga upepo.

Miezi ya mwanzo barakoa ilikuwa kinga. Baridi ilipoingia ikawa vazi, na kwa jirani zangu Wakongo wa Bertrams, vazi si jambo la kufanyia mchezo. Barakoa ilitakiwa ifanane na shati, au tai, au walau soksi. Nilimwona bwana mmoja akitoka kanisani na barakoa yenye mfuko mdogo ubavuni, na ndani ya mfuko kitambaa kimekunjwa pembe tatu. Nilimuuliza cha nini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa viatu ni vya nini.

Kazi nyingi za namna hiyo zilitoka kwa fundi mmoja, mtu wa Bukavu, aliyekuwa akishonea chini ya ngazi za jengo la ghorofa nne, jirani na mkewe aliyesuka watu nywele kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango. Mimi naishi Troyeville, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na kazi yangu ni kuwajazia watu fomu na kuwaandikia barua. Nilikuwa nikipita hapo kila siku. Fundi alikuwa na ombi moja tu duniani: meza katika soko la Jumamosi la Newtown. Hakuitaka kwa ajili ya sifa. Chini ya ngazi mlikuwa na giza, na alishona kitambaa cheusi kwa mwanga wa simu iliyofungwa shingoni kwa kamba ya kiatu. Kila mwezi aliisogeza sindano karibu zaidi na pua. Pale sokoni kulikuwa na jua.

"Mkubwa," aliniambia, "hii ngazi itakula macho yangu yote. Itabakisha miwani."

Basi siku moja akaja mama mmoja kutoka vitongoji vya kaskazini, mstaafu, mjumbe wa kamati ya soko lile lile. Fundi aliwahi kumrekebishia mapazia. Aliinama kuingia chini ya ngazi akiwa na sanduku la kadibodi alilolikumbatia kama mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na vitambaa vya pamba alivyovikusanya Japani miaka mingi, kila kimoja cha eneo lake: cha Kurume, cha Iyo, na cha mahali panapoitwa Bingo, jina lililomfanya mke wa fundi aulize kama kuna zawadi ndani. Soko lilikuwa linakaribia kufunguliwa upya. Mama alitaka barakoa arobaini za kuonyeshwa na kuuzwa siku hiyo, kila moja na kadi ya kueleza ilikotoka. Fundi ashone, mimi niandike kadi.

"Zikitoka vizuri," alisema akimtazama fundi, "nitakusemea kwenye kamati kuhusu meza."

Alinikabidhi kurasa za maelezo ya kila kitambaa. Mimi ni mtu wa utaratibu. Kadi huandikwa kazi ikishakamilika, kwa hiyo kurasa nilizitoboa matundu, nikazitia kwenye faili, nikaandika tarehe juu yake, nikalirudisha faili rafuni.

Kesho yake fundi alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara. Alikuwa ameshatandaza vitambaa juu ya kiti cha mkewe, kwenye mwanga. Vilikuwa vya buluu iliyokolea, vyenye vimaua na vimraba vyeupe, na upana wake haukuzidi shibiri moja na nusu.

"Mkubwa, wewe umesoma. Angalia hapa. Banamwibia huyu mama."

"Nani?"

"Bale Wajapani! Kwanza banakata kitambaa nusu. Ya pili, ona kingo za maua. Rangi inatoroka."

Nilichutama, nikaangalia. Alisema kweli. Kila ua lilikuwa na kingo zinazotetemeka, kama lilichorwa na mtu aliyekaa kwenye basi. Na mimi, mtoto wa Tanga, niliyekulia miguuni pa mama aliyeweza kuikataa kanga kwa kuipitishia kidole tu, nikatoa ushahidi wangu. Nikasema hiyo ni chapa iliyoteleza. Nikasema kwetu kanga ikiwa hivyo, pindo limeingia mjini, katikati ya kanga, hakuna mwanamke anayejiheshimu atakayeitoa dukani.

"Lakini geuza," akasema mkewe, mikono yake ikiwa kwenye kichwa cha mteja. "Nyuma iko sawa na mbele. Kitenge cha wax ya kweli ndiyo inakuwa vile."

Fundi akageuza. Nyuma na mbele hapakuwa na tofauti. Akageuza tena.

"Bameiga vizuri," akakata shauri. "Kwenye kingo ndiyo bameshindwa."

"Basi umwambie mama," nikasema.

"Nimwambie mama wa kamati kama aliibiwa miaka yote ile, kisha aniombee meza? Wewe unanitakia mema kweli?"

Hivyo ndivyo watu watatu wazima, wenye jumla ya uzoefu wa nchi mbili zinazovaa vitambaa vilivyochapwa, tulivyoihukumu Japani juu ya kiti cha plastiki. Fundi akaamua kumsitiri yule mama. Alinunua uzi mweupe na uzi wa buluu kwenye duka la karibu na roboti, yaani taa za barabarani, na kuanzia siku hiyo akawa anayazungushia maua yote mshono mwembamba, ua kwa ua, mraba kwa mraba, ili kingo zikae sawa. Cherehani yake ni ya kukanyaga, kwa hiyo hata mgao wa umeme haukumsimamisha. Ilimchukua wiki tatu. Sijawahi kuona kazi safi kama ile. Mwisho wa wiki ya pili macho yake yalikuwa mekundu, naye akawa anakanda paji la uso kwa kidole gumba.

"Meza," alikuwa akisema, akichoma sindano. "Meza. Meza."

Barakoa ya arobaini ilipokamilika, kadi zikawa zamu yangu. Mama alikuwa anakuja kesho yake saa nne. Nilisafisha meza yangu, nikachonga penseli, nikatoa faili, nikafungua ukurasa wa kwanza.

Ukurasa ulisema kwamba kitambaa kile hakichapwi. Nyuzi hufungwa mafundo kwa mkono na kutiwa rangi kabla hazijafumwa, kila moja ikipimwa mahali ambapo ua litatokea. Kwa kuwa hakuna mkono unaoweza kuzipanga nyuzi zote sawasawa, kingo za ua hutetemeka. Mtetemo huo, ukurasa ulisema, ndio uzuri wake. Ndio unaoitambulisha kazi ya mkono, na wajuzi huanza kuutazama huo kabla ya rangi.

Nilisoma mara ya pili nikiwa nimesimama. Kisha nikashuka kwenda Bertrams na faili kwapani.

Nilimsomea fundi ukurasa ule. Nilipomaliza akasema, "Soma tena." Nikasoma tena.

"Shemeji," mkewe akauliza, "hii karatasi ilikuwa wapi wiki tatu zote?"

"Kwenye faili."

"Faili gani?"

"La mambo yanayosubiri."

Alicheka hadi kitana kikamponyoka. Mteja wake, ambaye hakujua lolote, akacheka naye. Fundi hakucheka. Alichukua wembe, akafumua mshono wa ua moja, akaliinua kwenye mwanga. Uzi ulitoka wote, lakini palibaki mstari wa matundu kulizunguka ua. Alipiga pasi. Alinyunyiza maji, akapiga tena. Matundu yakabaki. Akaweka wembe chini.

Mama alifika saa nne kamili, barakoa yake mahali pake, puani. Alichukua barakoa ya kwanza akaileta karibu na macho. Alichukua ya pili. Halafu akaweka mkono kifuani.

"Umefanya nini hapa?" alimuuliza fundi kwa Kiingereza, taratibu. "Hii ni Afrika ikizungumza na Japani!"

Nilimkanyaga fundi mguu. Nikamwambia kwa Kiswahili, haraka, "Sema ndiyo. Neno moja tu. Meza hiyo hapo."

Fundi akavua kofia.

"Mama," alisema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "nilikosea. Nilifikiri walikuuzia feki. Nikakunyooshea. Naomba msamaha."

Mkewe akafumba macho. Mimi nikatazama viatu. Lakini yule mama alipiga kofi moja la furaha.

"Hiyo ni nzuri zaidi!" akasema, akanigeukia. "Iandike. Iandike hivyo hivyo kwenye kadi."

Kisha akamwaga habari zote kwa mara moja. Meza ipo. Fundi akae pale kila Jumamosi, mbele ya watu, akizungushia maua mshono kama alivyofanya. Nyumbani amebakiwa na vitambaa vingine kumi na kimoja, kimoja kutoka visiwa vya kusini, kilichofumwa kwa nyuzi za mgomba, chepesi kama bawa la panzi. Hicho kimoja alikuja nacho kwenye mkoba. Fundi akakipokea, akakipitishia kidole ukingoni.

"Hapana, mama," akasema akikirudisha. "Vile vya kwanza nilikuwa sijui. Sasa najua."

"Lakini hicho ndicho watu watakachotaka kuona."

"Nipe meza nishone sare za shule. Suruali. Mapazia kama yako."

"Soko letu," mama alisema kwa upole mwingi, "ni la vitu vyenye hadithi."

"Sare ina hadithi. Mtoto anarefuka."

Mama akatabasamu kwa macho, kwa kuwa mdomo haukuonekana. Akasema atalifikisha kwenye kamati. Alipoondoka na sanduku lake, mke wa fundi alimsogelea mumewe hadi wakakaribia kugusana barakoa.

"Macho ni yako ao ni ya Wajapani? Ungenyamaza tu! Ungesema *yes*!"

"Siwezi kutoboa kitu kizuri mbele ya watu," fundi akajibu. "Tena kila Jumamosi."

"Eish," akasema mkewe, na siku hiyo hakusema naye tena.

Jibu la kamati lilikuja kwa ujumbe wa simu, mistari miwili, wa kwanza wa shukrani, wa pili wa pole.

Soko lilipofunguliwa, fundi alitaka kwenda kuangalia, nami nikamsindikiza hadi Newtown. Meza tuliikuta. Ilikuwa mahali pazuri kuliko pote, jua likiipiga kutoka asubuhi. Juu yake zilipangwa barakoa, na katikati moja ilikuwa chini ya kioo, na kando yake kadi kwa mwandiko wangu: kazi ya fundi wa Bertrams aliyemsahihisha mfumaji wa Japani. Watu walipanga foleni kupiga nayo picha. Kila aliyefikiwa na zamu alishusha barakoa yake kidevuni ili tabasamu lionekane. Kiti hakikuwepo.

Fundi alisubiri foleni ipungue. Akatoa futi yake shingoni, akaipima meza urefu, akaipima upana, akarudia upana.

"Ndogo," alisema. "Cherehani yangu isingekaa."

Mimi ndiye niliyemjazia fomu ya kuomba meza ile, na kwenye fomu walitaka vipimo vya mashine, nami nikavichukua mwenyewe, kwa rula. Ingekaa, na mkasi ungepata mahali, na chupa ya maji.

"Isingekaa," nikasema.