Chewa Niliyempata kwenye Mwani

Shuleni sijamwambia mtu, na wale wavuvi wa kwenye mawe nikiwaona hata leo navuka barabara, kwa hiyo naiandika hapa mara moja labda itanitoka.

Ijumaa ile tulikuwa na wageni wa chakula cha mchana, wakwe watarajiwa wa dada yangu, na Ami Saleh (mdogo wake baba, anayeamini kumlisha mgeni samaki wa kununua ni dharau) akaahidi kuwavulia chewa. Nikamsihi anichukue. Akakubali kwa sharti nipite dukani nikachague vifaa, maana tunapovua pamejaa mwani na mawe: ndoana iwe ya zile zenye nyuzi ngumu za kukinga ncha isishike majani, na chubwi, yaani risasi ya kuzamishia mshipi, iwe nyembamba ipate kupenya.

Zote zilikuwa ndani ya kabati la kioo lenye kufuli, na ufunguo anao muuzaji, na muuzaji kijana mzuri (siandiki zaidi). Nimwombe afungue, mimi ambaye darasani nikijua jibu nakohoa tu? Nikachukua zilizoning'inia mlangoni, ndoana wazi ya meno matatu na chubwi ya duara kama kitunguu.

Nikarusha mara moja tu, ikakwama. Neno la kusema lilikuwa "nimenasa", lakini Ami angekuja kunasua akaiona ile ndoana, basi mdomo wangu ukasema, "Nimepata."

Sasa pale kwenye mawe kuna desturi, mtu akipata samaki mkubwa wenzake wote wanavuta mishipi yao isije ikasokotana. Wanaume kumi na moja wakavuta, na ndiyo kwanza maji yanajaa na samaki wanakula. Ami akampigia Bibi simu kwamba kuku asimtoe kwenye friza, chewa anakuja. Mlinzi mmoja wa Mombasa, aliyekuja huku Uarabuni kwa kazi na siku hiyo alikuwa mapumzikoni, akashuka na wavu wake kunipokelea, huku wengine wakinishauri kwa Kiarabu na Kihindi, nami nilishajua zamani kuwa si samaki, maana samaki huvutana nawe, huyu alikuwa anangoja tu.

"Sista, huyu samaki wako mbona hapigani?" akauliza yule mlinzi. "Ama amefunga?"

Likapanda zulia la mwani kubwa kama godoro la mtoto, na juu yake kaa mmoja mdogo ananitazama. Hakuna aliyecheka, afadhali wangecheka. Mzee mmoja akasema khalas, yaani basi yamekwisha, wote wakarudi kwenye mishipi yao. Ami akauchambua mwani taratibu mpaka akaifikia ndoana.

"Mwanangu, nyuzi ziko wapi?"

"Kabatini," nikasema.

Chewa hakupatikana tena na kuku alikuwa bado barafu, basi wakwe walikula wali wa nazi kwa mchuzi wa mayai. Baba mkwe akauliza kwa adabu chewa yuko wapi, Ami akajibu, "Muulizeni aliyempata," na meza nzima ikanigeukia.

Dada ameolewa, alhamdulillahi, ila mimi Ami hajanichukua tena. Jumamosi yake nilirudi dukani, nikakohoa mara mbili, nikaomba kabati lifunguliwe. Ile ndoana yenye nyuzi naiweka kwenye kibweta cha kalamu, na kila asubuhi mbele ya kioo najizoeza kusema kwa sauti, nimenasa, nimenasa.