Dari ya Bi Dari

Wifi yangu ana miaka sitini na mbili, na tangu niolewe na kaka yake sijawahi kumshinda kwa maneno. Nimejaribu sana. Ni fundi wa lipu, ndiye anayepaka mchanganyiko wa saruji ukutani waashi wakishamaliza matofali, lakini kwake ukuta ni kazi ya kujipasha moto tu. Fahari yake ni dari. Dari huwashinda mafundi wengi, maana unapaka juu ya kichwa chako na mchanganyiko unataka kukurudia usoni. Yeye ukimrudia hutema, hufuta jicho, huendelea. Wanaume wa kwenye majengo walianza kumwita Bi Dari kwa kejeli, miaka thelathini iliyopita. Kejeli ikafa, jina likabaki.

Miaka hiyo thelathini ya kuinua mkono ililila bega la kulia. Lilianza kukwaruza kama bawaba kavu. Baadaye akawa hawezi hata kujifunga kitambaa kichwani, akawa ananiita nimfungie, kisha ananituhumu kwamba nimemkaza makusudi. Alipaka kila mafuta yanayouzwa sokoni. Hospitali walimpiga picha, na daktari bingwa wa mifupa akamwonyesha mwenyewe: baridi yabisi imemaliza gegedu lote, ule utando laini unaotenganisha mifupa, na sasa mfupa unasaga mfupa. Dawa iliyobaki ni kukitoa kiungo na kuweka kingine cha chuma na plastiki.

Mwanawe, karani wa stoo ya vifaa vya ujenzi, alikuja sebuleni kwa mama yake na sura ya msiba.

"Mama, kwa umri huu ukatwe ili iweje? Kaa nyumbani. Tutakulisha."

"Mimi kuku?" akauliza wifi.

"Sikio la kufa halisikii dawa," kijana akanung'unika.

"Dawa ndiyo hiyo naifuata. Asiyesikia ni wewe."

Siku moja kabla ya upasuaji alimhoji daktari kama anayekagua nyumba kabla ya kupokea funguo. Chuma hicho kinashikizwa na nini? Daktari, mtu mpole, akamweleza kwamba kuna unga unaochanganywa na majimaji maalumu, unakuwa kama uji mzito, kisha unaganda na kukishika chuma kwenye mfupa. Wifi akatabasamu mpaka jino la mwisho. Nilidhani ni woga umemtoka. Kumbe alikuwa anajiambia kwamba amekutana na fundi mwenzake.

Upasuaji ulikwenda salama. Mkono ukafungwa shingoni kwa kitambaa, na binti wa mazoezi ya viungo akampa kazi ya kila siku: ainame auache mkono ubembee, alale chali auinue taratibu kwa kuusaidia na ule wa kushoto. Wifi akaitikia kila neno. Mimi ninakaa nyumba ya tatu kutoka kwake, na kila jioni nilipita kumuuliza.

"Umefanya mazoezi?"

"Nimefanya."

Alinidanganya wiki nne mfululizo, macho makavu.

Siku ya kurudi kliniki nilimsindikiza. Binti aliushika mkono, akajaribu kuuinua, haukwenda. Akajaribu tena. Wifi akauma meno, jasho likamtoka.

"Mama, hukufanya mazoezi."

"Sikufanya," akajibu bila aibu. "Mchanganyiko unataka siku ishirini na nane kukomaa. Ukiutikisa kabla, unapasuka ndani kwa ndani na hujui mpaka siku unabomoka. Nilikuwa nailinda kazi ya daktari."

Binti akaenda kumwita daktari. Daktari akasikiliza, akavuta kiti, akakaa.

"Mama, ule wetu unaganda kwa robo saa. Ulishakuwa mgumu kabla sijakushona."

Nikacheka. Nakiri, nilicheka kwa sauti, maana nimeusubiri ushindi huo tangu harusi yangu. Kisha nikamwangalia, nikafunga mdomo. Bi Dari alikuwa analia. "Robo saa," alisema. Daktari akamweleza kwamba chuma kimekaa vizuri, ila nyama zimekakamaa. Akijitahidi sana, mkono utafika usawa wa bega. Kuupitisha hapo asilazimishe, na vitu vizito mwiko. Dari asahau.

"Hilo la kusahau sijakuuliza," wifi akasema, huku anafuta machozi.

Miezi mitano ilifuata ambayo siitamani tena. Alilala chali kwenye mkeka, taulo kati ya meno, mimi nikihesabu. Kuna siku niliomba yaishe, nilishachoka kumsikia akigugumia. Hakukosa hata asubuhi moja. Mkono ukapanda kidole kwa kidole mpaka usawa wa bega, na hapo ukagoma kabisa. Binti wa mazoezi akampongeza. Mwanawe akafurahi kupita kiasi, akamwendea msimamizi wa ujenzi na kumwombea mama yake nafasi ya kusimamia mafundi akiwa amekaa kwenye kiti.

"Kiti!" wifi akaniambia asubuhi ile, akiwa mkekani. Katika kuhesabu nilikuwa nimefika kumi na moja.

"Kumi na mbili," nikasema.

"Nyamaza kwanza. Wifi, mkono wangu unaelekea wapi?"

Nikatazama. Amelala chali, mkono umenyooka mbele ya kifua chake.

"Juu," nikasema. "Darini."

Wifi akainuka mkekani. Kliniki alimuuliza binti kama kazi nyepesi mbele ya kifua inaruhusiwa. Nyepesi, ndiyo, binti akasema. Hakumwambia atakuwa katika mkao gani.

Jumatatu iliyofuata maseremala walimpandishia jukwaa karibu na dari ya sebule ya nyumba mpya, wakiacha nafasi ya urefu wa mkono. Juu wakaweka godoro jembamba. Wenzake walikuwa wameshapaka tabaka la kwanza, lile zito. Yeye alivaa miwani ya kazi, akachukua mwiko mdogo, na fundi mwenzake akawa anampa mchanganyiko kidogo kidogo. Mimi nilikuwa chini, roho mkononi.

Msimamizi akaingia. "Nani kalala kazini?"

Akachungulia, akaona ni Bi Dari. Akampigia simu mwana wa wifi, naye akaja anahema, na vumbi la stoo likiwa bado mikononi.

"Mama! Daktari alisema mkono usizidi bega!"

"Panda upime," sauti ikatoka juu. "Umezidi?"

Akapanda ngazi. Akauangalia ule mkono ulionyooka kutoka begani, haujazidi hata unene wa ukucha, na dari nyuma ya mwiko ikiwa laini, haina wimbi.

"Haya, shuka," mama yake akamwambia. "Unanizibia mwanga."