Sheria ilinitoa nje ya kikao siku mama wa kanisani kwetu alipoomba mbeleko yake irudi

Wakuu, nawasalimu kutoka Stockholm. Nje mvua ya baridi inanyesha, mimi nipo na kikombe cha chai ambacho kimeshapoa.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Ila juzi kuna mjumbe aliandika kwamba mkurugenzi wa taasisi ya umma huku Ulaya "anakula bata tu", kazi yake kusaini na kusafiri. Nikaona hapana, hili acha nilisemee.

Majina nimebadilisha. Kuna vitu vidogo nimeviacha kwa heshima ya marehemu. Yaliyobaki ni kweli, yamenikuta mimi mwenyewe, na bado yananiuma.

Niende kwenye mada.

Mimi ni dada wa Kitanzania, kwetu Mbeya. Nilikuja huku kusoma, nikabaki. Nimefanya kazi kwenye stoo za makumbusho muda mrefu, mpaka nikawa mkurugenzi wa jumba moja la historia la umma. Si maarufu, watalii hawaji. Tunatunza vitu vya watu wa kawaida: cherehani, vitanda vya watoto, ovaroli za wafanyakazi wa viwanda vya Södertälje, na siku hizi vitu vya sisi wahamiaji.

Siku ya kwanza kazini mwanasheria alinikalisha chini, akanieleza bila kuzunguka. Vitu vyote vilivyomo humu si vyako. Ni vya umma, wewe ni mtunzaji. Huruhusiwi kuuza, kugawa, kutupa wala kuficha hata kimoja. Mwananchi akitaka kuona, unamwonyesha. Akihitaji msaada wa kuandika ombi, unampa. Kitu kutoka moja kwa moja, hiyo ni bodi peke yake, kwa sababu zilizoandikwa.

Halafu akaongeza moja: jambo likimhusu ndugu yako au mtu wako wa karibu, unalitangaza mapema, unakaa kimya, na wakati wa kuamua unatoka chumbani. Waswidi wanaliita jäv.

Nilitikisa kichwa tu. Nilidhani hayo ni mambo ya watu wenye makampuni na wajomba serikalini. Mimi huku nina wajomba gani?

Kumbe ninao. Wanakaa Rinkeby, mtaa wa wahamiaji hapa Stockholm.

Kanisani kwetu tunasali kwa Kiswahili. Tupo Watanzania wachache, Wakongo, Wakenya, na Warundi ndio wengi. Kati yao alikuwepo mama mmoja, nimwite Mama Espérance. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, sina mama wala shangazi katika nchi nzima, yeye ndiye alikuja kuniogesha na kunipikia uji. Wakuu, mnaelewa maana yake.

Miaka mingi kabla sijawa mkurugenzi, jumba letu lilizunguka mitaani kukusanya vitu vya wakimbizi. Mama Espérance akatoa kitenge kimoja cha zamani, cha kahawia na njano, kimepauka. Ni mbeleko aliyobebea mtoto alipokimbia vita Burundi kuingia Tanzania. Wanafunzi wa shule walikuwa wanaletwa kukiona. Sisi wote tulijua mtoto huyo ni Innocent, mwanawe pekee, ambaye sasa ni mtu mzima, yuko kiwanda cha malori Södertälje.

Jumapili moja baada ya ibada akanishika mkono. Alikuwa amekonda sana. Kansa, na madaktari walishamwambia ukweli.

"Mwanangu, ile kitambaa yangu iko kwako," akasema kwa Kiswahili chake cha Kirundi. "Minaitaka. Wakinizika, wanizike nayo."

Nikamwambia palepale: "Mama, kiko salama. Lakini mimi sina ruhusa ya kukutolea. Lazima uombe, na bodi ndiyo iamue."

Akanitazama kama mtu ambaye hajasikia vizuri. "Si wewe ndiye mkubwa pale?"

"Ni mimi, mama."

"Basi."

Kwake mjadala uliishia hapo. Na kwa watu wengi pia. Wiki ile simu haikupoa. Mchungaji akanipigia: "Dada, ni kitambaa tu." Kwenye grupu la WhatsApp la kanisa mtu akaandika kwamba wetu wakipanda juu wanasahau ngazi. Hakutaja jina, lakini nani mwingine?

Innocent alikuja mpaka ofisini. Kijana mpole yule, ila siku hiyo aliingia bila kubisha hodi.

"Dada, mama anakufa. Snälla, tafadhali. Wewe una ufunguo."

"Ninao, mdogo wangu. Na ndiyo sababu siwezi."

Akaniambia kwa Kiswidi, taratibu, kwamba angekutana na mkurugenzi Mswidi labda angemwonea huruma zaidi. Akaondoka. Nilifunga mlango nikalia.

Nilipomaliza kulia, nikaandika kwa mwenyekiti wa bodi: mwombaji ni kama mama yangu, nina jäv, najitoa. Suala lote likahamia kwa naibu wangu, Henrik, mzee mmoja mtulivu anayevaa sweta moja majira yote. Kuanzia hapo sikuruhusiwa kumshauri, kumharakisha wala kumuuliza amefikia wapi. Nikipita mezani kwake nilikuwa nageuza uso.

Kitu kimoja kilibaki halali kabisa: kuona. Mama Espérance akaomba kukiona kitenge, Henrik akapanga siku, Innocent akamleta kwa gari mpaka stoo yetu ya Kista. Mimi niliruhusiwa kuwepo kama mtu wa kumshika mkono tu.

Henrik akafungua boksi, akafunua karatasi nyeupe moja moja. Mama akasimama pale. Henrik akamwambia anaweza kugusa, mikono ikiwa safi inatosha.

Hakugusa kwanza. Aliinama akanusa.

Akanusa tena, sehemu nyingine, kwenye pindo. Kisha akanyanyuka.

"Inanuka karatasi," akasema.

Innocent aliangalia pembeni. Mama akaweka viganja vyote viwili juu ya kitenge, akakaa hivyo muda mrefu, midomo inacheza, sisikii anasema nini.

Walipotoka, Henrik akawasindikiza kwenye lifti. Mimi nikabaki peke yangu na boksi wazi.

Wakuu, nisiwafiche. Mkoba wangu ulikuwa begani, na kitenge kikikunjwa hakina ukubwa wowote. Kile kilikuwa kimeshatoka kwenye maonyesho, wanafunzi hawakuwa wanaletwa tena kukiona. Ningeweza kufunga boksi tupu na kulirudisha kwenye rafu, na huenda ningestaafu kabla hajagundua mtu.

Nilichofikiria ni watu wengine wote walioleta vitu vyao pale. Yule mzee wa Kisomali na redio yake. Mama wa Kieritrea na viatu vya marehemu mumewe. Waliamini hakuna mtu mwenye ufunguo atakayeingia siku moja akachukua kwa sababu moyo wake umemtuma. Moyo wangu siku hiyo ulikuwa mzuri. Wa mkurugenzi ajaye je?

Nikafunika. Henrik aliporudi nikamkabidhi boksi.

Siku ya kikao nilimpitia Mama Espérance kwake Rinkeby. Njiani nikamwambia tena ili asishtuke: "Mama, ukiingia wewe, mimi nabaki nje."

"Sasa nani atasema kwa ajili yangu?"

"Wewe mwenyewe. Kuna mkalimani wa Kirundi. Watakusikiliza."

Tulipofika, mlangoni mwa chumba cha kikao aliniangalia mara moja, akaingia na Innocent. Mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye korido, karibu na mashine ya kahawa. Sauti yake nilikuwa naisikia, maneno siyapati. Ilikuwa inapanda na kushuka, kisha mkalimani, kisha yeye.

Innocent alitoka wa kwanza. Akakaa chini sakafuni, mtu mzima, mgongo ukutani. Nikakaa pembeni yake.

Akaniambia kwa Kiswidi, kisha akarudia kwa Kiswahili kama vile anajithibitishia.

"Mtoto wa kwenye mbeleko hakuwa mimi, dada. Nilikuwa na dada yangu. Aliitwa Nadine."

Nadine alishikwa na homa njiani. Alikufa mgongoni mwa mama yake, na mama akaendelea kutembea naye hivyo hivyo mpaka mpakani kwa sababu hakutaka kumwacha upande ule. Walipovuka watu wakamsaidia kuchimba. Wakamwambia amzike ndani ya mbeleko. Mama akakataa. Alikuwa na mimba ya Innocent, na kitambaa kilikuwa hicho kimoja tu. Alifikiri: huyu anayekuja nitambeba na nini?

Akamlaza Nadine kwenye udongo hivyo hivyo, akajifunga kitenge, akaondoka.

Mbele ya bodi alisema: "Nilimnyang'anya mtoto nguo yake. Sasa naenda aliko. Nataka nimpelekee."

Hakuwahi kumwambia mtu yeyote alivyomzika. Si mumewe aliyefariki baadaye, si mchungaji, si mimi. Innocent amekua akiulizwa na mama yake kwa Kiswahili na kumjibu kwa Kiswidi, na maisha yote hayo hakujua kwamba yeye si mzaliwa wa kwanza.

Kwa bodi uamuzi haukuwa mwepesi. Henrik alinieleza baadaye, jambo lilipokwisha. Mjumbe mmoja alisema kwa haki kabisa kwamba kitu kikienda kaburini kimepotea kwa wote, na jamii ya Warundi haina kingine pale. Mwingine akauliza tuliandikaje miaka yote kwamba mtoto alinusurika bila kumuuliza mama vizuri. Mwisho wakakubali kirudi.

Lakini uamuzi hautekelezwi mpaka muhtasari wa kikao usainiwe. Ni sheria hiyo hiyo. Mwenyekiti alikuwa safarini, akarudi, mambo yakaenda kwa mwendo wao wa kawaida.

Katika kungoja huko Mama Espérance akalazwa. Nilikwenda kumwona. Nikampaka mafuta miguuni, tukaongea habari za watoto wangu. Kuhusu kitenge aliuliza mara moja tu.

"Wamekubali?"

"Wamekubali, mama."

"Vyema."

Akafumba macho. Asubuhi iliyofuata nikiwa ofisini Innocent alipiga simu kwamba mama ametutoka usiku.

Saini ilikuja siku chache baada ya hapo.

Huku mazishi yanachukua muda, mtu anaweza kukaa wiki kadhaa kabla hajazikwa. Safari hii niliushukuru utaratibu huo ambao huwa tunaulalamikia. Henrik alikipeleka kitenge mwenyewe, akamkabidhi Innocent mkononi, akavua kofia.

Akina mama wa kanisa walikuwa wanamvika marehemu. Mimi nilisimama karibu na mlango. Baadhi yao hawakuwa wananisalimia bado, sikutaka kulazimisha.

Innocent aliingia na kitenge. Alikishika kama mtu asiyejua pa kukianzia. "Kinafungwaje?" akauliza.

Mama mmoja mtu mzima akakichukua, akakipitisha chini ya mgongo wa marehemu. Akatafuta mtu wa upande wa pili. Innocent akageuka.

"Dada, njoo ushike hapa."

Nikaenda. Nikashika pindo. Siku hiyo kitenge hakikuwa tena mali ya umma, na mikono yangu ilikuwa mikono tu. Tukamwinua kidogo, tukamfunga kitenge mgongoni, fundo kifuani, vile mwanamke anavyofunga anapotoka na mtoto.

Wakuu, hayo ndiyo yaliyonikuta.

Nilichojifunza ni hiki. Ukipewa dhamana ya mali ya watu, itafika siku sheria itakufunga mdomo mbele ya mtu unayempenda, na watu wako watakuona msaliti. Waambie mapema usichoweza. Kisha fanya kwa bidii yote kile unachoruhusiwa, kwa sababu ni kingi kuliko tunavyodhani: kumwonyesha mtu kilicho chake, kumwelekeza, kumtafutia lugha yake ili aseme mwenyewe. Ningemsemea mimi, ningesimulia ile hadithi ya uongo tuliyoijua sote. Ningekichukua kimyakimya, Nadine angezikwa mara ya pili, na Innocent asingejua.

Najiambia hivyo. Kuna siku naamini.

Kuna siku nyingine nakumbuka nimesimama Kista na mkoba begani, na mama yule alikuwa bado hai, anasubiri lifti. Angeweza kwenda nacho nyumbani akalala nacho.

Kwa wale waliowahi kushika ofisi ya umma, na wale waliowahi kunyimwa kitu na ndugu yao aliyeko ofisini: ungekuwa wewe ungefanyaje? Andikeni bila kunionea aibu. Nitasoma zote.