Swali Nililouliza Zinga

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka natamani kujifunika shuka gubigubi. Nilikuwa nimetoka chuoni, kofia mpya kichwani, najiona shehe kuliko mashehe.

Tulikuwa Zinga, kwenye ndoa ya Mwanahawa, binti ambaye mama yake alimzaa kabla ya kuolewa. Kijiji kizima kilijua. Bwana harusi alijua pia, wala hakujali, ila wajomba zake wa Kaole hawakuwa na habari. Kwa dini yetu baba wa namna hiyo hamwozeshi bintiye, kwa hiyo Mwalimu Shomari alikuwa ameshaomba idhini ya kadhi, kimyakimya, yeye ndiye awe wali, msimamizi wa kumwozesha. Nami nikaona hapo ndipo pa kuonyesha elimu. Nikauliza, kipaza sauti kiko mbele yangu:

"Samahani, Mwalimu. Wali wa bibi harusi ni nani? Baba yake yuko wapi?"

Jibu nilikuwa nalijua. Hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo.

Ndani vigelegele vikakatika. Wajomba wakatazamana, wakavaa makubazi yao, wakaondoka na bwana harusi wao. Mwalimu alinishika mkono, akasema taratibu, "Mlango wa wali umeusoma, kijana. Mlango wa sitara uliuruka?"

Mwanahawa alikaa miaka minne ndipo akaolewa, tena mbali, Vigwaza. Sikwenda kumwomba radhi. Niliona haya, nikajidai ni heshima.

Majuto ni mjukuu. Binti yangu naye alizalia nyumbani, na mwezi uliopita mtoto huyo kaolewa. Mimi babu mzaa mama siwezi kumwozesha, ilibidi kadhi. Bi Mwanahawa alialikwa na wanawake, akaja na khanga ya zawadi. Nilipomwona mlangoni niliinamisha kichwa, nikingoja swali langu linirudie.

"Hongera kwa kuoza, kaka," akasema, akaingia ndani kwa bibi harusi. Nililia mbele za watu.

Siku hizi nawasikia mkisema mtoto hana kosa, nami nafurahi. Sisi tulikuwa na neno lake, sitaki kulirudia. Sikuambii uipinde dini, mwanangu. Nakuambia aibu ya mwenzio usiitangaze kwa kisingizio cha elimu, maana ulimi hauna mfupa. Na ukikosa, kaombe radhi ungali kijana. Mimi nakwenda Vigwaza kesho, kwa mkongojo.

Mungu akusitiri, nawe uwe sitara ya wenzio. Amin.