Gundi ya Nyuma ya Stika

Mimi hukusanya stempu ambazo si stempu. Nilianza wakati nilipokuwa nikifagia ofisi ya shamba la chai. Karani alikuwa anachukua za posta zote awapelekee watoto wake, na sikuona ubaya, yeye ndiye alifungua barua. Kwenye pipa zilibaki zile ambazo posta haizitambui: za kuchangia wagonjwa wa kifua kikuu, za ushuru kwenye risiti kuukuu, za harambee ya kanisa. Nilizipeleka nyumbani, nikaziloweka kwa maji ya vuguvugu mpaka zikaachana na karatasi, nikazikausha ndani ya gazeti. Mume wangu alisema, "Wenzako wanaleta kuni, wewe unaleta taka." Hakukosea sana. Mimi mwenyewe niliachia darasa la saba na sijui kama kazi hii ina maana.

Ninazozipenda zaidi ni za Olimpiki. Zina duara tano, mtu anakimbia, na maneno ya kuomba wananchi wachangie safari ya wanariadha. Ulinunua moja, ukabandika mahali, watu wakajua umechangia. Basi. Nilikuwa nazo tatu.

Ya nne niliiona kwa mama anayeniuzia maziwa, upande wa Kapsoit. Ilikuwa imebandikwa kwenye kadi yake ya zamani ya kupimia majani ya chai kituoni, kadi ambayo haitumiki tena lakini alikuwa anaiweka ndani ya Biblia.

"Hii ni ya kijana wangu," akaniambia. Nilijua habari ya huyo kijana. Alikuwa mkimbiaji, na gari lilimgonga alfajiri akiwa mazoezini, barabara ya Londiani. "Wakimbiaji walipewa karatasi nzima ya stika hizi wauze. Akaja nayo hapa, akalamba moja, akaibandika kwa kadi yangu. Akasema, mama, sasa majani yako yatakimbia yafike kituoni kabla yako."

Tulicheka. Kisha akaniuliza, "Si wewe ndiye fundi wa hivi vitu? Angalia, kuvu inaipanda. Nitengenezee isioze."

Nataka niwe mkweli hapa. Aliniomba yeye, sikumnyang'anya. Lakini pia kabla hajaniomba nilikuwa nimeshaiangalia kwa jicho la kutaka. Hayo mawili yote ni kweli, na sijui ni lipi lililonifanya niibebe ile kadi hadi nyumbani.

Nikafanya vile mimi hufanya siku zote. Nikaloweka jalada la kadi kwenye beseni. Stika ikaachia polepole. Nyuma ilikuwa bado inateleza, nikaisugua kwa kidole gumba mpaka utelezi ukaisha na maji yakawa na ukungu, kwa sababu gundi ndiyo kuvu hula. Kisha nikamwaga maji nje, kwenye mboga zangu za sukuma wiki. Ikakauka safi, rangi zote zimebaki. Niliifurahia sana. Nikaitia kwa plastiki ndogo, nikampelekea.

"Chamgei, mama," nikamsalimia.

"Chamgei mising. Ingia, ingia."

Akaifungua. Akaangalia mbele, akatabasamu. Halafu akaigeuza.

"Mbona nyuma ni nyeupe?"

"Nimetoa gundi, mama. Gundi ndiyo inaleta kuvu."

"Umeitoa yote?"

"Yote. Nimesugua kabisa." Nilisema hivyo kama mtu anayengoja asante.

Hakupaza sauti. Alikaa kwenye kigoda na kuigeuza, mbele, nyuma, mbele. "Yeye aliilamba hapa," akasema. "Picha wanachapisha nyingi. Hii aliilamba yeye, nikimwona. Ulimi wake ulipita hapa."

Nikasema pole. Nikasema sikujua, na ni kweli sikujua, lakini alikuwa ameniambia kwa mdomo wake kwamba kijana aliilamba, na mimi nilikuwa nasikiliza stika, sikuwa namsikiliza yeye. Siwezi kuandika kwamba sikuambiwa.

"Na kadi yangu iko wapi?"

Kadi nilikuwa nimeiacha nyumbani, imeanikwa kwa kamba pamoja na vitambaa vya jikoni. Nilirudi mbio, kwa umri huu wangu. Jalada lilikuwa limejikunja, wino wa karani wa kituo umesambaa. Lakini pale stika ilipokuwa palibaki mraba mweupe kuliko sehemu nyingine, na ukiugusa ulikuwa unanata kidogo. Kidogo tu. Labda ni unyevu, sijui.

Nilipompa, aliweka kidole kwenye huo mraba, akakaa nacho hapo.

"Hii inanitosha," akasema. Akanisukumia plastiki. "Hiyo nzuri kaa nayo. Weka na zile zingine."

"Mama, ni yako."

"Ilikuwa."

Bado ananiuzia maziwa, kipimo ni kilekile, hajanipunguzia. Salamu tunapeana. Ila siku hizi ananipimia nikiwa mlangoni.

Kwa hiyo ninazo nne sasa, na hiyo ya nne ndiyo safi kuliko zote. Sijui niandike nilipewa au nilichukua. Stika zangu zote huwa nazishikiza kwenye daftari kwa kijikaratasi chenye gundi, ambacho nalamba mwenyewe. Hiyo nimejaribu mara mbili. Nilikata kijikaratasi, nikakifikisha mdomoni, nikakirudisha chini. Iko katikati ya kurasa mbili, haijashikwa na kitu, na kila nikifungua daftari naishikilia isianguke.